Chagua kituo kabla ya kitanda: ninavyofikia Magomeni nikienda Dar

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Dodoma. Mara nne au tano kwa mwaka nashuka Dar kufuata vitambaa, bitana, zipu na nyuzi. Nakaa siku tatu au nne, mchana nahangaika na maduka, jioni natembea tu, kwa sababu mji ule naupenda. Wenzangu wakisikia nakwenda hunipigia simu: dada, nifikie wapi kwa bei nafuu? Nami huwauliza kwanza wanakwenda kufanya nini na watashukia kituo gani. Habari ya chumba tunaiongea mwisho.

Mwaka 2013, safari yangu ya kwanza, nilianza na chumba. Kuna mtu alinielekeza gesti ya shilingi 10,000 huko upande wa Gongo la Mboto, nikaona nimepata. Chumba kilikuwa kisafi, sina la kukisema. Lakini asubuhi nilisimama kwenye daladala saa nzima na zaidi mpaka Kariakoo, na jioni nikarudi giza limeshaingia, na kutoka lami hadi mlangoni ni mwendo wa dakika ishirini bila taa hata moja. Siku ya pili nililipa bodaboda kila nilipotoka na kila niliporudi. Nilichookoa kwenye chumba kikaishia njiani. Kibaya zaidi, kufika saa moja jioni nilikuwa nimejifungia ndani, na jiji lote lile nikawa nalisikia kwa mbali tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, chukua karatasi uandike sehemu unazokwenda kweli. Karatasi yangu huwa hivi: Mtaa wa Uhuru kwa khanga na vitenge, Mtaa wa Congo kuangalia mitindo iliyoingia, siku moja Muhimbili kumsalimia shangazi anayekwenda kliniki, na siku moja ya kwangu mwenyewe kwenda Feri kuangalia bahari. Sasa zitafute sehemu hizo kwenye njia za usafiri. Barabara ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016 inatoka Kimara, inafuata Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ndiko Feri. Pale Magomeni linachepuka tawi la Barabara ya Kawawa kwenda Morocco. Ukivuka bonde la Jangwani ukafika Fire, linachepuka tawi jingine kupitia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, ambako ndiko Kariakoo. Tafuta eneo ambalo ukisimama kituoni unaweza kwenda pande zote hizo bila kuunga magari matatu. Kwa karatasi yangu, jibu lilikuwa Magomeni.

Nilijaribu kwingine pia. Sinza imechangamka, vyumba ni vingi na kula unakula vizuri, ila ukishuka Shekilango unaunga tena kuingia ndani, na usiku muziki haukuachi ulale. Anayekwenda kustarehe patamfaa kuliko mimi. Kimara na Mbezi ni nafuu na kwa anayeingia na basi la mkoani ni karibu na Stendi ya Magufuli, lakini unakuwa umelala mlangoni mwa jiji. Kariakoo kwenyewe nakushauri kama una siku moja tu na mzigo mkubwa, maana unatoka dukani unaingia chumbani. Mimi nilichoka na kelele za magari yanayoshusha mizigo usiku wa manane, na zaidi ya hapo, maduka yakishafungwa kuna mitaa inabaki mitupu ghafla. Mtaa wa biashara na mtaa wa watu kuishi ni vitu viwili. Mgeni anayetaka kutembea jioni atafute mtaa wenye wenyeji: watoto wanaotumwa chumvi dukani, akina mama waliokaa barazani, wazee kwenye bao.

Hicho ndicho kipimo changu kikubwa, na kipime kwa miguu yako kabla hujalipa. Fika kituoni kati ya saa moja na saa mbili usiku, begi limwachie mtu au libebe, kisha tembea kutoka kituoni hadi pale unapotaka kulala. Hesabu taa. Hesabu meza za chipsi, majiko ya mishkaki, genge la nyanya, duka la vocha, mwanamke anayekaanga mihogo. Mara ya kwanza nilipotoka kituo cha Magomeni Mapipa nilihesabu biashara 14 zilizowaka taa mpaka mlangoni, na watano kati yao walikuwa wanawake wenye rika langu wakiuza peke yao. Mwanamke akiweza kuuza chapati pale saa mbili na nusu usiku, na mimi nitaweza kupita. Gesti niliyoipata ni shilingi 25,000 kwa usiku, zaidi ya mara mbili ya ile ya 2013, na bado safari nzima ilinigharimu kidogo kuliko ile.

Swali la usalama usimuulize mwenye gesti peke yake; yeye atakusifia. Muulize mama ntilie, muulize na dereva wa bajaji aliyeegesha. Usiulize “huku ni salama?” maana kila mtu atajibu ndiyo. Uliza hivi: “Mama, mimi mgeni, saa tatu usiku nikitoka kituoni nipite njia gani?” Hapo ataanza kukuchorea: usipite ule uchochoro, pita hapa penye duka la dawa, ukifika kwenye mwembe kata kushoto. Mama mmoja aliacha mwiko ndani ya sufuria, akanishika mkono mpaka kwenye kona, akanionyesha kwa kidole. Tangu siku hiyo kila nikifika Dar chakula changu cha kwanza nakula kwake: wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki.

Ukishalala, asubuhi ya kwanza usikimbilie mjini. Kuna sababu ya usafiri pia. Magari ya mwendokasi yanayotoka Kimara asubuhi yakifika Magomeni yameshajaa, na ukijilazimisha saa moja na nusu utasimama umebanwa mlangoni na pochi yako huioni. Hiyo ndiyo kasoro ya kukaa katikati ya njia, na sitaificha. Mimi nasubiri mpaka saa tatu. Maduka ninayokwenda yanakuwa yamefunguka na msongamano wa wafanyakazi umepita. Jioni fanya kinyume: usipande njiani, nenda hadi Gerezani mwanzo wa gari, upange foleni upate kiti, ukae na mfuko wako mapajani.

Kwa hiyo muda ule wa kusubiri asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, ni wako na mtaa. Toka bila begi, na simu ibaki mfukoni. Mimi huanza kwa kahawa. Muuzaji utamsikia kabla ya kumwona, anagonganisha vikombe mkononi, kililili, kililili. Dele lake limekaa juu ya jiko dogo la makaa, anamimina kahawa nyeusi chungu kwenye kikombe kidogo cha kauri kisicho na mkono, na pembeni ana kashata za karanga. Ukifika kijiweni wasalimie wote: wazee shikamoo, wa rika lako habari za asubuhi. Kaa ukingoni mwa benchi, usiingilie mazungumzo. Watakuwa wanabishana Simba na Yanga. Kikombe cha pili ndipo mtu atakuuliza, “Mgeni, umetokea wapi?” Ukishajibu, umeshapata mwenyeji. Mimi ni pale kijiweni niliambiwa nyumba ya Mwalimu Nyerere iko mtaa gani, na dereva wa bajaji ninayempigia mpaka leo nilionyeshwa na mzee mmoja aliyesema, “Mchukue huyu kijana, namjua kwao.”

Nyumba yenyewe iko Mtaa wa Ifunda. Ni nyumba ya kawaida ya mjini, si jumba. Mwalimu Nyerere aliacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, na katika miaka ile ya kudai uhuru aliishi hapo Magomeni na familia yake. Sasa ni makumbusho. Mimi nililelewa na picha yake ukutani nyumbani kwetu, na kusimama nje ya mlango wa chini vile, majirani wakianika nguo upande wa pili, kulinigusa kuliko mnara wowote wa mjini. Nenda kwa miguu, uliza kila kona. Ukiuliza mara tatu umeshapita nusu ya Magomeni, umeona nyumba za zamani zenye ua na vyumba kuzunguka, umeona pia maghorofa ya Magomeni Kota yaliyozinduliwa mwaka 2022. Ukitaka kupiga picha ya mtu au nyumba yake, omba. Akikataa, shukuru upite. Na Ijumaa mchana barabara karibu na misikiti hujaa waumini. Subiri pembeni wamalize kutawanyika.

Siku ya pili ongeza duara. Mimi hutoka mtaani kwa mwendokasi na kurudi kwa daladala, kwa makusudi. Mwendokasi ina njia yake, inakufikisha, daladala inakuonyesha. Soma jina la njia kioo cha mbele na rangi ya mstari ubavuni, kisha muulize konda kabla ya kukanyaga ngazi: “Magomeni unapita?” Kaa karibu naye, mwambie akushushe wapi, andaa chenji. Kwa njia hiyo nilijua kwamba kutoka Ilala hadi Magomeni kwa Barabara ya Kawawa napita Kigogo, na Kigogo nikakuta fundi anayenitengenezea cherehani hadi leo.

Kabla hujafunga safari angalia tarehe. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa ikinyesha Mto Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani hufungwa. Hapo Magomeni inakatika na Kariakoo, magari yanazunguka mbali. Ukisafiri miezi hiyo, panga chumba upande ule ule wa bonde wenye shughuli yako. Mimi Aprili nalala Kariakoo, kelele au kusiwe na kelele, na manunuzi makubwa nayasogeza Juni.

Siku ya kuondoka mzigo mkubwa nautanguliza. Kijana wa guta anautoa dukani, natuma kwa basi, na mimi mwenyewe napanda treni ya SGR iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, nikiwa na begi moja tu. Kutoka Mapipa nashuka Gerezani, hapo nachukua bajaji hadi stesheni. Natoka mapema, maana njiani lazima nisimame kwa yule mama wa chapati. Hunifungia nne kwenye gazeti, mbili za njiani na mbili za wanangu.