Siku ya sindano, mpime na mwili

Mgonjwa wa akili akija kuchoma sindano yake ya mwezi, hapa kwetu Wete, Pemba, usimwache aende hivi hivi. Mpime uzito, presha na kiuno usawa wa kitovu, ulinganishe na kadi ya mwezi uliopita. Anayetumia olanzapini, moja ya dawa za maradhi ya akili, mpime na sukari kabla hajanywa chai. Dawa ile huleta njaa, na sukari hupanda kimya kimya.

Akilalamika tumbo, usiseme "ndiyo maradhi yake hayo". Mlaze, mpapase, muulize choo alipata lini. Kwa anayemeza klozapini, dawa nyingine ya maradhi ya akili, kufunga choo kunaweza kuua! Mimi humuuliza na mama yake, ambaye hafichi habari, hata za soda anazokunywa mwanawe.

Sigara naiuliza mwisho, kwa upole. Akiiacha ghafla, mwarifu daktari: klozapini huzidi mwilini.