Jinsi ya Kuandika Maisha ya Rubani wa Ndege za Kivita

Usianze na medali. Mimi nilianza nazo nilipoandika mara ya kwanza habari za Douglas Bader, rubani Mwingereza wa Vita vya Pili vya Dunia: DSO mbili na DFC mbili (nishani za kijeshi za Uingereza), ndege 22 za adui. Nikampa dada yangu asome. Hakumaliza aya ya pili. "Sasa huyu ni mtu gani?" akaniuliza, nikakosa la kumjibu.

Tafuta kwanza siku iliyoyapindua maisha yake. Kwa Bader ni 14 Desemba 1931, uwanja wa ndege wa Woodley karibu na mji wa Reading, Uingereza. Alikuwa na miaka 21. Aliibingirisha ndege yake ya kivita, Bristol Bulldog, chini mno, bawa likagusa ardhi, akakatwa miguu yote miwili. Baadaye, kwenye daftari lake la urukaji, aliandika maneno machache tu: ameanguka akibingirisha ndege karibu na ardhi, na amevurunda. Basi. Mstari wa namna hiyo ukiupata kwa rubani wako, umeshamaliza nusu ya kazi.

Kisha panga miaka kwenye karatasi uangalie mapengo. Jeshi lilimwachisha Bader 1933, likamrudisha 1939. Kati ya hapo alikaa ofisini katika kampuni ya mafuta. Waandishi huipita miaka hiyo mbio, lakini bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu asiye na miguu alilisumbua jeshi mpaka likampa ndege tena.

Hesabu za ndege zilizoangushwa ndizo mtego. Tarehe 15 Septemba 1940, katika mapambano ya anga juu ya Uingereza, Waingereza walidai kuangusha ndege 185 za Wajerumani. Wajerumani walipoteza takriban 60. Si uongo huo: marubani watatu wanaifyatulia ndege moja, kila mmoja anaiona ikiporomoka, kila mmoja anaiandika yake. Kwa hiyo andika "alihesabiwa 22", si "aliangusha 22". Ripoti za mapambano zimo National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, London, kwenye mafaili ya AIR 50, na shajara za vikosi ni AIR 27. Sababu za kutunukiwa nishani zilichapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza.

Penye ubishi, weka pande zote. Bader alianguka Ufaransa 9 Agosti 1941, akiamini amegongana na ndege ya Kijerumani. Wachunguzi wa baadaye wanasema alipigwa risasi, labda na mwenzake. Mguu mmoja wa bandia ulinasa ndani ya ndege, akaruka na parachuti bila huo. Wajerumani wakaruhusu Waingereza wadondoshe mwingine kutoka angani. Ukifika hapo usimwite shujaa; andika mguu ulivyodondoshwa, uendelee.