Pinboli ya NASCAR: usikimbilie kitufe

Kwenye mashine ya pinboli ya NASCAR (mbio za magari za Marekani) ya kampuni ya Stern (2005), gololi ikishuka kwa kasi kuelekea kibao kimoja, yaani mkono mdogo wa kupigia gololi unaoinuka ukibofya kitufe, tuliza vidole. Kibao kikiwa kimelala, raba yake inameza kishindo, na gololi inadunda kuvuka hadi kibao cha pili. Kiinue hicho na ukishikilie hivyo hivyo: gololi inatulia pale kwenye kona, nawe unalenga barabara ya mbio iliyo ndani ya mashine bila pupa. Kubofya vibao vyote viwili kwa pamoja ndiko hasa kunakofungua mwanya wa katikati, ambamo gololi hupotelea. Lakini gololi ikija polepole haitavuka, na ikielekea ncha ya kibao itaponyoka. Hapo piga papo hapo. Raba iliyochakaa nayo hudundisha ovyo.