SOMO: Kuongeza mruko hadi udanki

Kudanki ni kuruka na kuutia mpira wa kikapu kwenye ringi kwa mkono kutoka juu. Anza na chaki na tepu ya kupimia. Simama kando ya ukuta, nyoosha mkono mmoja juu bila kuinua visigino, tia alama. Paka chaki vidoleni, ruka palepale uliposimama, gusa ukuta. Nafasi kati ya alama mbili ndiyo mruko wako.

Sasa hesabu. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, na ili udanki kwa mkono mmoja vidole vinatakiwa vipite juu yake kwa kama sentimita 15. Anayefikia mita 2.40 akiwa amesimama ana kazi ya kutafuta mruko wa sentimita 80, anayefikia 2.50 anahitaji 70. Ukikimbilia utapata zaidi kidogo kuliko ukiruka papo kwa papo. Ufupi si kifungo: Spud Webb, mtu wa mita 1.70 hivi, alitwaa shindano la kudanki la NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1986, na Nate Robinson wa mita 1.75 alilitwaa mara tatu. Ila hao ni watu wa ajabu, tusidanganyane.

Hatua ya 1: nguvu. Kama hujawahi kugusa chuma, faida kubwa ya mwanzo iko hapa. Skwoti (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na uzito), kunyanyua chuma kutoka sakafuni, skwoti ya mguu mmoja, na kuinua visigino kwa ajili ya mashavu ya miguu. Mara mbili kwa wiki, seti 3 hadi 5 za marudio 4 hadi 6, uzito ukipanda polepole. Mkao ukiharibika, punguza uzito.

Hatua ya 2: mazoezi ya kuruka (pliometriki). Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Misuli na kano zikivutwa ghafla, kisha zikajikunja papo hapo, hutoa nguvu zaidi kuliko ukianza kutoka kwenye utulivu. Ukizubaa chini, ile ziada inapotea. Kocha wa Kisovieti Yuri Verkhoshansky ndiye aliyejenga mbinu nzima juu ya jambo hili: unashuka kutoka kwenye boksi, unagusa sakafu, unaruka juu mara moja.

Usianze na boksi. Wiki za mwanzo jifunze kutua kwanza: kimya, magoti yakielekea kule vidole vya miguu vinakoelekea. Kisha ruka juu, ruka mbele, ruka kwa mguu mmoja. Miguso 60 hadi 80 ya sakafu kwa siku inamtosha anayeanza. Boksi lije baadaye, na sentimita 30 zinatosha.

Pumzika dakika 2 au 3 kati ya seti. Ndiyo, utajiona mvivu. Lakini kila mruko unatakiwa uwe wa juu kabisa unaouweza. Mruko ukianza kushuka, kazi ya siku imekwisha. Kichurachura mara mia mpaka miguu itetemeke ni mazoezi ya pumzi na uvumilivu, mruko hauongezeki kwa njia hiyo. Acha saa 48 kabla ya kurudia. Siku ukichanganya na chuma, ruka kwanza.

Hatua ya 3: kukimbilia. Hatua ya pili kutoka mwisho iwe ndefu, mwili ushuke. Ya mwisho iwe fupi na ya haraka. Mikono irudi nyuma kisha ipande kwa nguvu pamoja na mwili. Mikono mivivu inakula sentimita kadhaa za bure.

Hatua ya 4: mpira. Kugusa ringi ni jambo moja, kupanda na mpira ni jingine. Anza na mpira wa tenisi, nenda kwenye wa voliboli, halafu wa kikapu. Kama kuna ringi ya kushushwa, ishushe na udanki mara nyingi, mwili uzoee kumalizia.

MASWALI

*Kocha, nina miaka 14. Chuma hakitanidumaza?*
Hakidumazi ukisimamiwa na mtu anayejua na ukianza na uzito mdogo. Boksi liache kwanza, jifunze kutua.

*Goti linaniuma chini kidogo ya pia ya goti, hasa asubuhi baada ya mazoezi.*
Inaelekea ni kano ya goti imezidiwa. Punguza miruko, lakini usilale kabisa, maana kano hupona kwa kupewa mzigo wa kiasi: kaa ukiegemea ukuta kama uliye kitini, sekunde 30 hadi 45, mara chache kwa siku, kisha skwoti za polepole. Kama goti limevimba, linakwama, au maumivu hayapungui, mwone mtaalamu wa viungo, kaka.

*Vile vizito vya kufunga vifundoni vinasaidia?*
Hapana. Vinakupunguzia kasi na kulemea viungo.

*Mimi ni dada, programu ni hii hii?*
Ni hii hii, dada yangu, na mpira namba 6 unashikika vizuri kuliko namba 7. Tilia mkazo kutua: magoti yasiingie ndani. Wachezaji wa kike huumia zaidi ligamenti (kamba inayounganisha mifupa) ya mbele ya goti, na nyingi ya ajali hizo hutokea wakati wa kutua au kugeuka ghafla bila kugongwa na mtu.

*Miezi miwili na mruko uko palepale. Nikate tamaa?*
Unacheza mechi siku ngapi kwa wiki? Kila mechi ina miruko yake, nayo inahesabika. Kwa wiki nzima fanya nusu tu ya mazoezi, lala vizuri, kisha pima tena miguu ikiwa imepumzika. Ukikuta umepanda, ulikuwa umechoka tu. Ukikuta hujapanda, rudi hatua ya 1 uongeze uzito.