Ukisikia kicheko ukadhani ni chako

Nilikuwa na miaka tisa nilipotamka neno vibaya nikisoma kwa sauti darasani. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kila nikipita karibu na watu wanaocheka, shingo ilikakamaa na mikono sikujua niiweke wapi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba hofu hiyo ya kuchekwa ina jina, jelotofobia, na kwamba Michael Titze, mtaalamu Mjerumani wa tiba ya nafsi, aliwafananisha walio nayo na vikaragosi vya mbao. Nilijitambua papo hapo.

Kama nawe ni hivyo, anza na daftari. Kila kicheko kinachokuchoma, andika ulichokiona kwa macho, kisha kando yake ulichodhani. Mimi niliandika: "Wawili walicheka nilipoingia." Kando: "Wamecheka viatu vyangu." Niliporudia ukurasa ule jioni, nikakumbuka walikuwa wameinamia simu moja kabla hata sijafika mlangoni. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, usichoke.

Utaambiwa ujicheke mwenyewe kabla hujachekwa. Hapo nakusihi uwe mwangalifu sana. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake waligawa ucheshi katika mitindo minne, na ule wa kujidhalilisha ili wengine wafurahi huandamana na kujithamini kidogo. Ukijikwaa, sema, "Ngazi hii ina visa na mimi." Usiseme, "Mimi hata kutembea sijui." Kauli ya kwanza inacheka tukio, ya pili inakukata wewe.

Ukiwa kati ya watu wa utamaduni mwingine, ongeza subira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha nchi 73, ulionyesha kuwa hofu hii haidhihiriki sawa kila mahali: kuna wanaoficha wasiwasi wao, na kuna wanaokwepa kabisa pale walipochekwa. Kicheko nacho hutofautiana. Wapo wanaocheka kwa haya tu. Mtafute mmoja unayemwamini, umuulize faragha: "Walicheka nini?"

Na anayekucheka kwa makusudi? Utani hupokelewa na kurudishwa. Akitania yeye tu, kila siku, huo si utani. Mwambie mkiwa wawili, bila kutabasamu: "Neno lile liliniumiza." Tabasamu ndilo lililoniponza mimi, kila mara walidhani nimefurahi.