Namna ya Kuongoza Mdahalo Kuhusu Kutengua Matokeo ya Kura ya Maoni ya Taifa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu wa Uraia, walezi wa klabu za midahalo na viongozi wa vijana wa Tabora Mjini, Nzega, Urambo na Sikonge wanaotaka kuwakutanisha watu, iwe darasani au katika ukumbi wa kata, wajadili swali moja zito: wananchi wakishapiga kura ya maoni ya nchi nzima na matokeo yakatangazwa, je, ni halali katika demokrasia matokeo hayo kutenguliwa? Sisi wenyewe kwa Tanzania nzima hatujafikishwa hapo. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwezi Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Kwa hiyo tunayo nafasi ambayo nchi nyingi ziliikosa, yaani kukubaliana juu ya kanuni kabla ya kujua ni upande gani utakaoshinda, na naamini nafasi hiyo isipotumiwa sasa haitarudi siku ambayo kila mtu atakuwa tayari na upande wake.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Matokeo ya kura ya maoni iliyoendeshwa kihalali hayapaswi kutenguliwa na kiongozi, wala chama, wala bunge linalotafuta njia ya kuyazunguka. Yanaweza kubadilishwa na wapiga kura wale wale, wakiulizwa tena kwa sababu inayoeleweka na kwa masharti yaliyowekwa mapema. Wewe unayeongoza mdahalo si lazima ukubaliane nami, lakini ni lazima uwapatie washiriki vifaa vya kutosha vya kunipinga.

Kuandika mada

Kazi ya kwanza, nayo ndiyo inayoamua kama mdahalo utafaa, ni kuandika mada kwa ukamilifu. Usiandike tu kwamba “matokeo ya kura ya maoni yanaweza kutenguliwa”, kwa sababu chini ya tamko hilo yamejificha matendo manne yasiyofanana, na wasemaji watapigana saa nzima bila kugusana.

Tendo la kwanza ni mahakama kubatilisha kura kwa sababu ya kasoro. Uswisi ilipiga kura tarehe 28 Februari 2016 kuhusu pendekezo la kuondoa kodi inayowaumiza wanandoa kuliko wasiooana, na pendekezo likakataliwa kwa asilimia 50.8. Baadaye ikabainika kwamba serikali iliwaambia wananchi kuwa wanandoa wenye kipato pande zote mbili wanaoumizwa na kodi hiyo ni jozi 80,000, ilhali idadi halisi ilikaribia jozi 454,000. Mwezi Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta kura hiyo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa kura ya taifa katika historia ya sasa ya Uswisi. Tendo la pili ni serikali kwenda kinyume na jibu ililolitafuta yenyewe: Ugiriki, tarehe 5 Julai 2015, asilimia 61.3 walikataa masharti ya wakopeshaji, na kabla ya siku kumi kupita serikali ya Alexis Tsipras ikakubali masharti yaliyokuwa makali pia. Tendo la tatu ni bunge kupitisha kwa mlango mwingine kile kilichokataliwa. Ufaransa na Uholanzi zilikataa Katiba ya Umoja wa Ulaya mwaka 2005, kisha sehemu kubwa ya yaliyomo ikarudi ndani ya Mkataba wa Lisbon, ambao nchi hizo mbili ziliuridhia bungeni bila kuwauliza tena wapiga kura. Tendo la nne ni kuwauliza wananchi upya, kama walivyofanya Denmark mwaka 1993 na Ireland mwaka 2002 na 2009 kuhusu mikataba ya Umoja wa Ulaya.

Chagua tendo moja, uliandike ndani ya mada. Mada nzuri inaweza kusomeka hivi: “Wananchi wakikataa pendekezo katika kura ya maoni, serikali iruhusiwe kuwauliza tena kabla ya miaka mitano kupita.” Katika mikutano ya hadhara ongeza sentensi moja ya kufafanua kwamba haizungumzwi kura ya maoni ya kuteua wagombea ndani ya chama, kwani usipofanya hivyo nusu ya ukumbi itakuwa inasubiri kusikia habari za udiwani.

Sheria inasema nini

Kabla ya siku ya mdahalo, kila upande utafute jibu la swali hili kwa nchi inayotolewa mfano: je, sheria iliyoitisha kura ilisema kwamba matokeo yanaifunga serikali, au yalikuwa ushauri? Uingereza ndiyo mfano wenye mafunzo mengi. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya na asilimia 48.1 walichagua kubaki. Kisheria kura ile ilikuwa ya ushauri, na mwezi Januari 2017 majaji wanane dhidi ya watatu wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba serikali haiwezi kuanzisha hatua za kujitoa bila sheria ya bunge. Hata hivyo serikali yenyewe ilikuwa imewaahidi wapiga kura kwamba itatekeleza watakachoamua. Hapo wape washiriki muda wa kutosha, kwa kuwa ndipo penye mvutano wa kweli kati ya maandishi ya sheria na ahadi iliyotolewa hadharani. Mimi nasema kwamba aliyeahidi kutii hawezi kukimbilia neno “ushauri” baada ya kushindwa, lakini nimewahi kusikia wanafunzi wakijibu kwa nguvu kwamba ahadi ya waziri mkuu haiwezi kuipiku sheria, na jibu hilo si la kupuuzwa.

Karibu na kwetu, katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyokubaliwa na takriban asilimia 67 ya wapiga kura, inataja mambo ambayo hayawezi kurekebishwa bila kura ya maoni. Zanzibar iliuliza tarehe 31 Julai 2010 kama iwepo serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, na Baraza la Wawakilishi likarekebisha katiba. Sheria yetu ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013 inataka zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake.

Kuzisoma hesabu

Washiriki wengi watafika na hoja kwamba walioshinda walikuwa wachache kuliko watu wote. Wafundishe kuikokotoa hoja hiyo badala ya kuitamka tu. Uingereza waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2 ya walioandikishwa, asilimia 51.9 ya hao ni kama asilimia 37.5 ya daftari zima. Kolombia, tarehe 2 Oktoba 2016, mkataba wa amani na waasi wa FARC ulikataliwa kwa tofauti isiyofika kura 60,000 kati ya kura takriban milioni 13, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Ireland mwaka 2001 Mkataba wa Nice wa Umoja wa Ulaya ulikataliwa huku mtu mmoja tu kati ya kila watatu akiwa amekwenda kituoni.

Baada ya hesabu, uliza: kiwango hicho kiliwekwa lini? Hapa kuna kisa kimoja ambacho kila kiongozi wa mdahalo anapaswa kukijua. Mwezi mmoja kabla ya kura ya Uingereza, mtu aliyetaka nchi yake ijitoe alianzisha ombi la kutaka kura irudiwe iwapo washindi hawatafikisha asilimia 60 na waliojitokeza hawatafikisha asilimia 75. Alidhani upande wake utashindwa. Upande wake uliposhinda, waliolikimbilia ombi lile walikuwa wapinzani wake, na sahihi zikapita milioni nne. Wasomee washiriki kisa hiki polepole, kisha waulize kama wangekitetea kiwango hicho hicho laiti matokeo yangekuwa kinyume. Kiwango cha juu si kibaya chenyewe, na kwa mabadiliko ya katiba nakiunga mkono kabisa, ila kikidaiwa baada ya kura kuhesabiwa hugeuka kuwa njia ya kuwanyang’anya walioshinda.

Habari za uongo na kura ya pili

Upande unaotetea kutengua utasema kwamba watu walidanganywa. Usiwaache waseme kwa jumla tu; wadai waonyeshe nani alisema nini, kama ni chombo cha serikali au ni mwanasiasa jukwaani, na kama uongo huo ungeweza kubadilisha matokeo. Kwa wasikilizaji wa vijijini mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hueleweka haraka: bodi ikiwaambia wanachama bei isiyo ya kweli ya lori, nao wakapiga kura kulinunua, ukweli ukijulikana ni haki mkutano mkuu uitishwe tena, lakini mwenyekiti hawezi kukaa ofisini kwake na kuandika kwenye muhtasari kwamba wanachama walikataa. Kurudisha swali kwa wenye kura ni jambo moja; kubadilisha jibu lao bila wao ni jambo jingine kabisa.

Upande unaopinga una hoja nzito ambayo mara nyingi wasemaji wachanga huisahau, hivyo wakumbushe wakati wa maandalizi. Denmark waliulizwa tena baada ya kusema hapana kwa Mkataba wa Maastricht mwezi Juni 1992. Ireland waliulizwa tena baada ya kusema hapana mwaka 2001, na tena baada ya hapana ya mwaka 2008 kwa Mkataba wa Lisbon. Waliosema ndiyo katika mikataba hiyo hawakuitwa kurudia. Mwananchi akiona kwamba jibu moja tu ndilo huulizwa mara ya pili, ana sababu ya kuhisi kwamba anapelekwa kituoni mpaka atoe jibu linalotakiwa, na hisia hiyo huua imani katika kura zote zinazofuata, hata zile za serikali ya mtaa.

Jibu la hoja hiyo lipo, nalo linahitaji ushahidi: je, kati ya kura ya kwanza na ya pili kuna kitu kilichobadilika kwenye pendekezo? Denmark walipata misamaha minne, ukiwemo wa kutotumia sarafu ya pamoja, na mwezi Mei 1993 wakakubali kwa asilimia 56.7. Ireland walihakikishiwa kwamba hawataingizwa kwenye ulinzi wa pamoja bila ridhaa yao, na kabla ya kura ya 2009 wakahakikishiwa pia kwamba kila nchi itabaki na kamishna wake katika Tume ya Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu kura ya pili ni halali pale ambapo waliokataa wanaweza kuonyeshwa kwa kidole sehemu ya hoja yao iliyosikilizwa.

Mfano wa Uingereza urudishwe hapa pia. Mwezi Desemba 2019 kulikuwa na chama kilichoahidi kufuta kujitoa moja kwa moja bila kura mpya, kingine kilichoahidi kura ya pili, na kingine kilichoahidi kukamilisha kujitoa. Wapiga kura wakakipa hicho cha mwisho viti 365, na nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Njia ya kutengua ilikuwa wazi mbele ya umma kupitia uchaguzi mkuu, na umma ukaikataa.

Historia yetu wenyewe

Tenga dakika za kutosha kwa mambo mawili ya hapa nyumbani, ukieleza wazi kwamba hakuna hata moja kati yake lililokuwa kura ya maoni. Mwezi Januari 1958, hapa hapa Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulijadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wamekusudia kuususia, Mwalimu Nyerere akawashawishi, wakabadili mawazo yao wenyewe. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. La pili ni Tume ya Jaji Nyalali: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado mwaka 1992 nchi ikaingia katika vyama vingi.

Waulize washiriki kama mwaka 1992 wengi walipuuzwa. Mimi naona hapana, kwa sababu tume ilikusanya maoni na haikumwahidi yeyote kwamba wingi utaamua, na pia kwa sababu haki ya asilimia 20 kuunda chama chao si kitu ambacho asilimia 80 wana mamlaka ya kukizuia. Lakini swali hilo hufungua mlango wa hoja ngumu kuliko zote, kwamba huenda yapo matokeo ya kura ya maoni yanayostahili kubatilishwa na mahakama hata kama kura ilikuwa safi, kwa kuwa yanawavua watu haki zao. Mwachie msemaji atakayeifikia hoja hiyo dakika za ziada.

Siku yenyewe

Ukumbini, wasemaji wazungumze kupitia kwa mwenyekiti, na wazee waliohudhuria waombwe wachangie baada ya wasemaji wakuu, si kabla, kwani kijana hawezi kumpinga kwa uhuru mzee aliyetangulia kutoa hukumu. Atakayetaja chama cha siasa cha hapa nchini kwa kukishambulia arudishwe kwenye mada kwa upole mara moja, na akirudia anyimwe nafasi. Kama mwishoni mtapiga kura, tangaza kabla ya msemaji wa kwanza kusimama ni nani wana haki ya kupiga, wingi upi unatosha, na matokeo yatafanyiwa nini. Katibu aandike muhtasari siku hiyo hiyo, hoja za walioshindwa zikiwemo kwa ukamilifu wake, na nakala moja ikabidhiwe kwa msemaji wao mkuu aithibitishe kwa sahihi kabla haijawekwa kwenye jalada.