Kupima oksijeni ya usiku kwa saa ya mkononi: ninavyomfuatilia mume wangu dereva

Baba Salma anaendesha lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba. Akilala hukoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kabisa, halafu anashtuka akitweta. Kule kunyamaza ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu mtu anayekatikiwa na pumzi usiku husinzia mchana, na mchana wake yeye yuko kwenye usukani. Ndiyo maana nasisitiza alale na saa yake ya Garmin, inayopima oksijeni kwenye damu.

Anza kwa kuwasha kipimo chenyewe, maana kwenye saa nyingi huja kimezimwa ili kisimalize chaji. Kwa Garmin kinaitwa Pulse Ox. Ingia kwenye mipangilio, uchague kipime wakati wa kulala tu. Ukikiacha kipime mchana kutwa, betri itaisha upesi. Kwenye simu kuna mahali pa kuweka saa za kulala na kuamka. Kwa mtu wa zamu au dereva, zibadilishe kila ratiba inapogeuka. Kwa Huawei na Xiaomi, tafuta kwenye programu ya simu palipoandikwa upimaji wa oksijeni wa moja kwa moja. Fitbit hutoa wastani wa usiku mzima, nao huchukua muda kutokea baada ya kuamka.

Kufunga saa ndiko watu wanakoharibu kipimo. Mfupa ule uliochomoza kwenye kifundo cha mkono usikaliwe na saa. Isogeze juu kidogo kuelekea kiwiko, upana wa kidole kimoja hivi. Kaza mkanda hadi saa isiteleze ukitikisa mkono, lakini isiache alama nzito wala ganzi. Futa kioo cha nyuma, hasa kama amepaka mafuta ya kujipaka. Mkono wenye chale ya wino usiutumie. Na asiulalie: damu ikibanwa au mkono ukiwa baridi sana, saa itaandika namba ya chini isiyo ya kweli.

Nyuma ya saa kuna taa nyekundu na nyingine ya infraredi ambayo jicho halioni. Damu iliyojaa oksijeni hunyonya zaidi infraredi na kuiachia nyekundu. Oksijeni ikipungua, mambo hugeuka. Saa hulinganisha mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi.

Na ngozi yetu ina neno hapo, naomba mlisikie vizuri. Desemba 2020 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa hospitali za Marekani: vipimo vya kidoleni vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hivyo ni vipimo vya hospitali, sembuse saa ya mkononi. Kwa hiyo namba mbaya ichukulie kama sababu ya kwenda kupimwa, lakini namba nzuri isikufariji kama mtu bado anakoroma na kukatikiwa na pumzi.

Asubuhi fungua grafu kwenye simu, usitosheke na wastani. Tone moja la chini usiku wa manane mara nyingi ni saa iliyolegea. Mimi naangalia mistari inayoshuka na kupanda mfululizo kama meno ya msumeno, usiku baada ya usiku. Hata hivyo, saa nyingi hazipimi kila sekunde, kwa hiyo msihesabie hapo mara ngapi pumzi imekatika.

Mahali alipolala pia paandikwe. Pwani, mtu mwenye afya akiwa macho huwa kati ya asilimia 95 na 100, na usingizini hushuka kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Burnt Forest ni juu zaidi, kwa hiyo namba huwa chini hata kwa mzima. Usiku wa Mombasa ulinganishe na usiku mwingine wa Mombasa.

Namba zikirudia kushuka, hakikisha kwa kipimo cha kidoleni, kidole kikiwa na joto na hakina rangi ya kucha wala hina. Ikisoma chini ya 90 naye anahema kwa shida au midomo imebadilika rangi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Kama ni kukoroma na kusinzia mchana, muoneni daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu, mkamwombe kipimo cha usingizi. Mpelekee picha za grafu za usiku kadhaa, orodha ya mahali alipolala, na maelezo ya anayelala naye chumba kimoja: anakatikiwa na pumzi akilala chali au ubavu, anaamka na kichwa kikimuuma, amewahi kusinzia akiendesha. Hilo la mwisho madereva hulificha, kwa hiyo liseme wewe.